Umetoka Jela? Kura Yako Bado Ni Yako, Lakini Kuna Mtego Hujaambiwa

Wacha nianzie kwa kinyozi, ju hapo ndio hii stori ilinipata.

Jamaa anayetunyoa mtaani, jina lake nalificha, alikaa ndani miezi kumi na nne. Kesi ya bangi. Alipigwa faini, familia ikachanga, pesa haikutosha, akaenda. Saa hii ametoka, amerudi kwa kiti chake, mashine ni zilezile na wateja ni wale wale. Juzi makarani wa IEBC walikuja na mashine yao wakakaa kando ya soko, wanaandikisha wapiga kura. Sisi tuliokuwa kwa foleni ya kunyolewa tukaanza kuulizana nani amejiandikisha na nani bado. Ikafika zamu yake. Kabla hajafungua mdomo, msee mmoja mwenye nusu ya kichwa imenyolewa akamkata: "Wewe ulishaingia ndani. Kura ni ya wasafi." Watu wakacheka. Yeye pia akacheka, akamalizia ile nusu nyingine ya kichwa.

Kilichonigonga ni venye hakubisha. Baadaye tukiwa wawili nikamuuliza kama kweli hawezi kuvote. Akanijibu kama mtu anayeambia mtoto bei ya mkate: "Hiyo ilienda na kesi, buda." Na mimi hapo, na vile hujifanya mjuaji wa siasa kwa hii mtaa, sikuwa na jibu. Nilikuwa naamini hivyo hivyo.

College niliacha mwaka wa pili, ada ilikataa, lakini kusoma bado najua. Nikaenda keja, nikafungua Katiba kwa simu. Dakika tano hazikuisha.

Kifungu cha 83 cha Katiba ya 2010 kinataja mambo matatu tu kwa mtu anayetaka kujiandikisha. Uwe raia aliyetimiza miaka 18. Usiwe umetangazwa kuwa huna akili timamu. Na usiwe umepatikana na hatia ya kosa la uchaguzi ndani ya miaka mitano iliyopita. Imeisha hapo. Soma tena kama huniamini. Bangi haiko. Wizi wa simu hauko. Wizi wa mabavu hauko. Hata mauaji hayako. Kosa linaloweza kukunyang'anya kura hii Kenya ni la uchaguzi pekee, na hata hilo lina mwisho wake.

Kwa hivyo kama ulifungwa, ukamaliza kifungo, uko nje, kura yako haikuenda popote. Hakuna barua ya kuomba urudishiwe, hakuna mhesh wa kumpigia magoti, hakuna miaka ya kungoja. Hata ukiwa bado ndani unayo, ju Kifungu cha 51 kinasema aliyefungwa anabaki na haki zake zote isipokuwa zile ambazo haziwezekani kabisa na hali ya kufungwa. Kutoka nje ya geti kwenda base haiwezekani, sawa. Kuweka alama kwa karatasi inawezekana.

Na hii haikushuka tu kutoka mbinguni. Katiba ya zamani ilikuwa na kipengele cha kuwazuia walio kizuizini. Mwaka 2010, tukielekea kura ya maamuzi, Kituo cha Sheria wakaenda kortini kwa niaba ya wafungwa. Juni mwaka huo wakashinda, na tarehe 4 Agosti wafungwa wakapiga kura. Hebu fikiria hiyo. Kati ya watu walioamua kama tutakuwa na Katiba mpya, walikuwepo wasee wamevaa sare za jela, na Katiba hiyo hiyo ndiyo inamlinda kinyozi wangu leo. Uchaguzi mkuu wa 2013 uliwapita, lakini 2017 wakapiga, na 2022 wakapiga tena.

Sasa angalia idadi. Mwaka 2022 sajili ilikuwa na wapiga kura 22,120,458. Waliojiandikisha wakiwa magerezani walikuwa 7,483. Magereza yetu hubeba takriban watu 60,000, na karibu nusu ni mahabusu, yaani kesi bado inasikizwa na sheria inawaona hawana hatia. Toa wageni, toa wasio na kitambulisho, bado hiyo 7,483 ni kidogo sana. Na wale wa ndani wanachagua rais pekee. Gavana, mbunge, MCA, hao hawawahusu.

Lakini leo sitaki kukaa kwa wa ndani. Nataka tuongee kuhusu wa nje, wale tunakaa nao kwa mathree, ju wao ndio wengi na ndio hakuna mtu anawahesabu. Jela za Kenya hazijajaa majambazi wa sinema. Zimejaa watu wa miezi mitatu, miezi sita, mwaka. Alishikwa na chang'aa, aligombana na kanjo, aliambiwa faini elfu kumi au miezi mitatu, akakosa hiyo elfu kumi. Wanaingia na kutoka kila wiki, na kila anayetoka anarudi mtaa kama wako, mahali kuna msee amenyolewa nusu akimwambia kura ni ya wasafi.

Hii dhana ilitoka wapi? Mimi nimefikiria na nimeona sababu mbili.

Ya kwanza ni good conduct. Ukitoka jela, kila mlango unaobisha unaulizwa hiyo karatasi. Unataka kazi ya ulinzi, good conduct. Unataka kuendesha gari la kampuni, good conduct. Kuenda Gulf, good conduct. Unalipa 1,050 kwa eCitizen, unapeleka vidole DCI ama Huduma Centre, halafu karatasi inarudi na ile kesi yako imekaa hapo. Ukishafungiwa milango mitano namna hiyo, ya sita hata hubishi. Unajiambia tu hapo pia hawanitaki. Hivyo ndivyo kinyozi wangu alifika kwa "hiyo ilienda na kesi". Hakuna karani aliyemfukuza. Hakuwahi kuenda. Na ukweli ni kwamba karani wa IEBC haulizi good conduct. Anauliza kitambulisho cha kitaifa au pasipoti, basi.

Ya pili ni Marekani. Tunakula sinema zao, tunakula TikTok zao, na kule ndio kuna hii kitu ya mtu kuvuliwa kura ju aliwahi kufungwa. Kila jimbo lina sheria yake. Maine na Vermont, mfungwa anapiga kura akiwa ndani. Florida, kwa miaka mingi, ukipatikana na kosa kubwa kura ilienda maisha, hadi uende kubembeleza gavana na wenzake.

Mwaka 2018 watu wa Florida walipiga kura kubadilisha hiyo, na karibu asilimia 65 wakasema ndio. Watu kama milioni 1.4 wangerudishiwa haki yao, isipokuwa waliofungwa kwa mauaji na makosa makubwa ya kingono. Watu wakasherehekea. Mwaka uliofuata wabunge wa jimbo wakaleta sheria mpya: kumaliza kifungo maana yake pia umelipa faini zote na ada zote za korti. Sasa mtu ametoka jela hana kazi, unamwambia amalize deni ndio avote. Na wengi hawakuweza hata kuambiwa deni lao ni ngapi, ju serikali yenyewe haikuwa na daftari moja la kuangalia. Septemba 2020 korti ya rufaa ikabariki hiyo sheria. Halafu Agosti 2022 wakashika watu 20 kwa madai kwamba walipiga kura bila kuruhusiwa, na kati yao kuna waliokuwa wamepewa kadi za kura na maafisa wa hiyo hiyo serikali.

Sasa chukua hii ya mwisho ya Marekani halafu turudi nyumbani. Mei 2024, Donald Trump alipatikana na hatia ya makosa 34 kule New York. Novemba mwaka huo alipiga kura Florida, akajichagua. Iliwezekana vipi? Ju kwa kesi ya jimbo lingine, Florida inafuata sheria ya hilo jimbo, na New York inakuruhusu kupiga kura mradi hauko ndani. Kwa hivyo tajiri alipitia mlango wa New York, na msee wa Florida aliyebaki na deni la korti akabaki nje kwa mvua. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka, ju nilikumbuka sisi hapa sheria yetu iko poa kuwaliko na bado mtu wetu hapigi.

Anazuiwa na nini basi? Hapa ndio kuna ule mtego nilikuambia kwa kichwa cha habari. Fungua macho kama wewe ama ndugu yako aliwahi kujiandikisha akiwa ndani.

Ukijiandikisha jela, jina lako linawekwa kwa kituo cha kupigia kura cha jela. Kwa sajili ya IEBC magereza yako kivyao, kama vile diaspora iko kivyake. Ukitoka, jina halitoki na wewe. Wewe uko Kayole unanyoa watu, jina lako bado liko Kamiti. Siku ya uchaguzi unaenda shule ya msingi ya mtaa, unaweka kidole, mashine inakuambia hauko hapa. Na huwezi kurudi kubisha geti la jela eti nimekuja kupiga kura.

Dawa yake ni kuhamisha. Unaenda mwenyewe ofisi ya IEBC ya eneo bunge unalotaka kupigia kura, na kitambulisho chako, unajaza fomu ya kuhama, na ufanye mapema, ju sajili hufungwa kabla ya uchaguzi. Ukihama ndio pia unapata karatasi zote sita, kuanzia rais hadi MCA.

Kitu hupaswi kufanya ni kujiandikisha upya ukijifanya hujawahi. Najua inaonekana rahisi, foleni iko hapo sokoni, unapanga laini unamalizana. Lakini kujiandikisha mara mbili ni kosa la uchaguzi. Umeona inaenda wapi? Ni lile kosa la Kifungu cha 83, linaloweza kukuweka kando miaka mitano. Msee anaweza kutoka jela na kura yake ikiwa salama kabisa, halafu aipoteze akijaribu kuitumia, ju hakuna mtu alimwambia kwa geti siku ya kutoka. Wanakurudishia mshipi na viatu, hawakupi karatasi ya kusema jina lako liko wapi. Mimi hapo naona IEBC na Magereza wangeweza kusaidiana bila bajeti ya maana. Msee anatoka, anaulizwa unaenda kuishi wapi, anajaza fomu ya kuhama hapo hapo. Wanajua tarehe yake ya kutoka kumliko yeye.

Kizuizi cha pili ni kipande chenyewe. Ukishikwa, vitu vyako vinabaki kituoni: simu, mshipi, wallet, ID. Ukirudi kuvichukua mwaka na kitu baadaye, wengine hupata, wengine huambiwa afisa aliyekuwa zamu alihamishwa. Ya kinyozi wangu ilipotelea mahali fulani kati ya kituo na korti. Bila ID hakuna kujiandikisha, hata Katiba ikupende aje. Kubadilisha kipande kilichopotea ilikuwa soo, halafu kwa ada zilizotangazwa Machi 2024 ikapanda hadi thao. Mtu wa mshahara ataona hiyo ni pesa ya chakula cha mchana cha siku mbili tatu. Mtu aliyetoka jela bila nauli anaona ukuta. Mimi kwa macho yangu hiyo thao na zile faini za Florida ni ndugu wa baba mmoja. Tofauti ni kwamba yao imeandikwa kwa sheria ya kura, na yetu imejificha kwa orodha ya ada za serikali.

Sasa najua kuna mtu amekuwa akinisoma amekunja uso. Wewe uliyeibiwa. Mamangu pia alivunjiwa kibanda, wakabeba hadi jiko, kwa hivyo usifikirie naongea kama mtu asiyejua hiyo uchungu. Nilipomwambia naandika hii stori alisema, "Aliyeniibia achague MCA wangu?" Nikamwambia ndio, mathe. Aliyekuibia alipewa miaka miwili na hakimu, hakupewa miaka miwili na kura. Hakuna hakimu aliyemhukumu kupoteza kura, kwa hivyo mimi na wewe hatuwezi kumwongezea kifungo hapa kwa kinyozi. Akitoka anakatwa kodi kwa sabuni na kwa airtime kama sisi. Kanjo wakibeba biashara yake, watabeba. Na ukitaka kujua kama jela zetu zinarekebisha mtu ama zinamharibu, anayejua ni yeye, na ni vizuri kuwe na mwanasiasa mmoja anayeogopa kura yake. Mathe hakukubali. Aliniambia nimalizie chai. Sijui kama nitawahi kumshawishi, na sioni kama ana makosa kuumia.

Lakini nilimwachia swali ambalo pia nakuachia. Hilo kosa moja linalonyang'anya kura, wanaolifanya ni kina nani? Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inasema kuhonga mpiga kura ni faini hadi milioni mbili au kifungo hadi miaka sita, ama vyote. Na anayepokea pia ana makosa, usicheke. Sasa kumbuka kampeni zozote umewahi kuona kwa macho yako. Ile mia mbili ya chini ya T-shati. Wale vijana wa kubeba bahasha. Kama sheria ingefuatwa, wasee wa kukosa kura miaka mitano wangetoka kwa yale magari makubwa yenye vioo vyeusi, na si kwa kinyozi yetu. Lakini kijana wa bangi ndiye anaamini amefutwa, na wa bahasha ndiye anamwambia ajitokeze kwa wingi.

Na usiseme ni kura kidogo haziwezi kubadilisha kitu. Mwaka 2022 rais alishinda kwa tofauti ya kura 233,211 nchi nzima. Huku chini kwa wadi, kiti cha MCA huenda kwa mamia, wakati mwingine makumi. Sisi wa June 2024 tunapaswa kuwa wa kwanza kujali hii, ju tuko na mabeste walioshikwa mabarabarani, na wengine kesi zao zilikaa wakizungushwa kortini. Kama una beste anafikiria rekodi yake imemtoa kwa Agosti 2027, mtumie hii. Kushikwa si kufungwa, na kufungwa si kupoteza kura.

Kinyozi nilimrudia na simu nikiwa nimefungua Kifungu cha 83. Akasoma polepole, mashine bado inalia mkononi, mteja amekaa ananung'unika. Akaniuliza kama nina uhakika hiyo ni Katiba ya saa hii na si ya zamani. Nikamwonyesha mwaka. Akauliza kama ndani alijiandikisha, tukaangalia, hakuwa amejiandikisha popote. Kwake ilikuwa poa, hana kitu cha kuhamisha, anaanza mwanzo.

Kilichobaki ni kipande. Anahitaji abstract ya polisi kuonyesha kilipotea, na hiyo inatolewa kituoni. Hicho hicho kituo. Ameahirisha mara mbili, mara mvua, mara wateja wengi. Jana ameniambia ataenda Jumatatu asubuhi kabla hajafungua, na ameniuliza kama naweza kumsindikiza, ju hajawahi kuingia huko kwa mguu wake mwenyewe.